Fedha: aloi zake na namna ya kuzitambua

fedha nm [i-/zi-] (Kar.) 1. metali nyeupe ing'aayo, itumikayo kutengenezea pete, mikufu, vidani na vikuku. 2. pesa, mali.

Upatanisho. Kwa maana ya kwanza nomino hii hutumika katika umoja: *fedha imeyeyuka*. Kwa maana ya pili hupatanishwa mara nyingi katika wingi: *fedha zimekwisha*.

Viwango. Fedha tupu ni laini mno kwa pambo la kuvaliwa kila siku, hivyo sonara huichanganya na shaba ili iwe ngumu. Mchanganyiko huo ndio aloi. Usafi wake huhesabiwa kwa sehemu katika 1000: chapa ya 925 humaanisha sehemu 925 za fedha, na zilizosalia kwa kawaida ni shaba. Reale za Maria Theresa, sarafu zenye mwaka 1780 ambazo masonara wa Omani na wa mwambao wa Afrika Mashariki waliziyeyusha kufua mapambo, zina usafi wa takriban 833. Kwa hiyo pambo la kale lisilofikia 925 si lazima liwe la udanganyifu.

Majaribio. Chapa ni dai tu, nayo yaweza kughushiwa. *Sumaku* haivuti fedha, lakini haivuti shaba wala risasi pia. Hufichua tu metali zinazovutwa nayo, kama vile chuma. *Tupa* hukwangua mahali pasipoonekana ili kufikia kiini, kwa kuwa pambo la kuchovya lina fedha juu tu. *Asidi ya nitriki*, ikidondoshwa katika mkwaruzo huo, huacha rangi ya kijivu ya maziwa juu ya aloi ya 925, na hutoa kijani juu ya aloi yenye shaba nyingi. Asidi hii huunguza ngozi, na mvuke wake ni sumu.

*Mizani na maji* haviharibu pambo. Kikuku cha gramu 31.1 kikipungukiwa gramu 3.0 kinapopimwa ndani ya maji, msongamano wake ni 31.1 ÷ 3.0, yaani takriban 10.4, unaolingana na aloi ya 925. Kikipungukiwa gramu 3.6, jibu ni takriban 8.6, na hiyo si 925. Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye vito au lenye uwazi ndani. Jaribio moja halitoshi: sonara hulinganisha mawili au zaidi.

Tanbihi kwa wafasiri. Iko aloi ya shaba, nikeli na zinki ambayo Kijerumani huiita *Neusilber*, yaani "fedha mpya", na Kiingereza nacho huipa jina lenye neno la fedha. Haina fedha hata chembe. Kuitafsiri *fedha ya nikeli* au *fedha ya Kijerumani* bila maelezo humfanya msomaji alipie shaba kwa bei ya fedha. Isitoshe, nikeli huwasha ngozi za baadhi ya watu. Tafsiri salama ni *aloi ya shaba, nikeli na zinki*. Vivyo hivyo, *mkufu wa fedha* usichanganywe na *mkufu wa kuchovya fedha*.

Mifano. *Sonara alikwangua kikuku kwa tupa, akakuta shaba chini ya fedha.* / *Pete hii ni ya fedha ya 925.*

Linganisha: dhahabu, shaba, sonara, kuchovya.