Kinyago Kilichorudi Mtaa wa Shaaban Robert

Mkazi wa visiwani avukaye bahari kuja Dar es Salaam kwa shughuli zake, aghalabu huijua njia moja: bandarini hadi Kariakoo, na mizigo ikishafungwa, Kariakoo hadi bandarini. Si mbali na njia hiyo lipo jumba ambalo wapenzi wa ushairi, zaidi ya watu wengine, wangepaswa kulijua japo kwa anwani yake: Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Kutoka sokoni hadi hapo, kwa mtu akatizaye Mnazi Mmoja kwa miguu, ni mwendo wa nusu saa hivi. Walakini, miongoni mwa mafundi cherehani na wauza kanga wa Kariakoo niliopata kuwauliza, ni wachache mno waliowahi kuingia humo tangu walipopelekwa na walimu wao wakiwa watoto.

Umbali huo haukuwekwa na miguu. Mji huu uligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika nyuma, huko kulikokuja kuitwa Kariakoo. Wajerumani walianza mpango huo na Waingereza wakaukamilisha, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa mtupu uwe kama ukuta usio na matofali. Makumbusho yalipoasisiwa mwaka 1934, na kufunguliwa mwaka 1940 yakiwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, yaliwekwa Uzunguni. Vitu vya watu weusi vikauvuka uwanja ule na kupewa nafasi ndani ya makabati ya vioo, zama ambazo wenye vitu wenyewe walikuwa bado wakiulizwa wanafuata nini upande ule.

Na Kariakoo nayo ilianza kwa shauku ya kuonyesha. Katika Agosti 1914 serikali ya Kijerumani ilikusudia kufanya hapa Dar es Salaam maonyesho makubwa ya koloni zima, kusherehekea reli iliyokwisha kufika Kigoma. Vita vikatangulia. Jumba ambalo Wajerumani walilijenga mwaka huohuo pale lilipo soko sasa, husimuliwa kwamba lilikuwa la sherehe za Kaisari wao. Sherehe hazikukaa humo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao. Ulimi wa watu wa pwani ukaitwaa ile Carrier Corps, ukailainisha, ukatuachia Kariakoo. Mimi niliyeishi kwa kufasiri maneno ya wengine sijaona tafsiri iliyoshinda hiyo: haina mwandishi, haina kamusi, na leo wanaitamka mamilioni ya watu ambao hawajui kwamba wanataja jeshi.

Jina la kikosi limebaki. Ya watu wenyewe hayakubaki. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wengi mno hawana kaburi lijulikanalo wala mstari wenye majina yao. Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya Askari katikati ya mji, pale ilipokuwa imeondolewa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuwekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kwamba waliokufa watakumbukwa na wana wao kwa majina. Nimeizunguka sanamu ile mara nyingi. Ahadi ipo. Jina hata moja la askari au mpagazi halipo.

Nasema haya kwa sababu kisa ninachokusudia kukisimulia ni kisa cha kitu kilichopotea na kikarejea, na tofauti baina ya kirejeacho na kisichorejea mara nyingi ni kujulikana kwake tu. Chukua fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwataka Wajerumani walirudishe fuvu hilo. Miaka 35 ikapita. Gavana Twining alipokwenda kulitafuta Bremen, alikuta mafuvu mengi ya watu wa nchi hii, na hakuna hata moja lililoandikwa Mkwawa. Ikabidi lichaguliwe kwa vipimo, kwa kulilinganisha na vichwa vya jamaa zake walio hai, na kwa tundu la risasi. Ndilo lililokabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, huko Kalenga, Juni 1954. Lile la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilifukua Olduvai mwaka 1959, lilipelekwa Nairobi na likarejeshwa Tanzania mwaka 1965, likawa amana kubwa ya Makumbusho yetu. Hakuna aliyelipima kwa kubahatisha. Mwenye umri wa takriban miaka 1,750,000 alifika nyumbani na hati zake zote. Aliyefariki mwaka 1898 alirudi kwa makisio.

Sasa kinyago. Mwaka 1984 wezi waliingia katika Makumbusho ya Taifa wakaiba kinyago cha mapiko cha Wamakonde pamoja na vitu vingine 16. Mwaka 1985 kinyago hicho kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi, jumba la watu binafsi lenye sifa kubwa katika sanaa za Afrika na Oseania. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitalia, Profesa Enrico Castelli, alikitambua. Tangu siku hiyo hakuna upande uliokuwa na haki ya kusema haujui kitu gani kipo wapi. Na bado ikachukua miaka 20. Shauri likafikishwa mwaka 2006 mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni, na tarehe 10 Mei 2010, mjini Paris, katika ofisi za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, hati ikatiwa saini na kinyago kikakabidhiwa.

Kwa wasiokijua, lipiko (mapiko ni wingi wake kwa Kimakonde) ni kichwa kizima cha kuvaliwa, si uso wa kufunika uso. Huchongwa kwa mti mwepesi, kwani kitachezwa. Mpingo mzito ni wa vinyago vya kuuza, vile vya mashetani ambavyo Samaki Likankoa alivianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambavyo hadi leo hufungwa katika magazeti kwa ajili ya watalii. Lipiko hupachikwa nywele za binadamu. Chale za usoni hufanywa kwa nta iliyoinuka juu ya ngozi ya mti, ili hata katika mwanga wa moto zionekane. Avaaye huona kupitia tundu la kinywa, shingo akiiinamisha nyuma kidogo, mwili wote umefunikwa nguo. Hutoka katika sherehe za jando, vijana wanaporudi kutoka msituni, na siri yake ni kwamba wanawake na wasiotahiriwa hawapaswi kuambiwa aliyemo ndani ni nani. Wahenga wa pwani walinena kwamba kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Mmakonde angejibu kwamba ndiyo maana mchongaji hufanya kazi yake porini, mbali na macho ya kijiji.

Hapo pana jambo linalonikera, na sitalificha kwa kuwa nalipenda jumba lile. Makumbusho yoyote, ya Dar es Salaam kama ya Geneva, yakikiweka kitu hiki nyuma ya kioo na taa juu yake, yamekwisha kuivunja siri. Mama wa Newala atakitazama mchana kweupe, na mtoto wa shule ataweka pua yake kwenye kioo. Kuna watakaosema kwamba wizi wa kwanza ulitendeka siku kinyago kilipoondoka kijijini, na kwamba yule wa 1984 ulikuwa wa pili. Sikubaliani nao moja kwa moja. Wamakonde wenyewe huacha lipiko lililochakaa na kuchonga jipya. Kitu hakiabudiwi, huchezwa. Lakini kilichochezwa na watu fulani, mahali fulani, huwa na wenyewe, na kukihifadhi Dar es Salaam ni kukiweka mahali ambapo wenyewe, wakitaka, watapanda basi na kukifikia.

Turudi Paris, kwani pale ndipo mfasiri huamka. Hati ya mwaka 2010 ilikuwa hati ya kutoa. Neno lililochaguliwa, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, ni lile la mtu atoaye mali yake kwa hiari. Jumba la Geneva lilikitoa kinyago kwa jumba la Dar es Salaam. Tulitie neno hilo katika Kiswahili tuone linavyokaa. Tukisema zawadi, tumewaza harusi. Tukisema tunzo, tumewaza mshindi. Lililo karibu zaidi katika sheria ni hiba, na hapa msomaji wa visiwani, aliyezoea mabaraza ya makadhi, atatabasamu, maana sharti mojawapo la hiba anaweza kulisema usingizini: mtoaji awe ndiye mmiliki wa kitu anachokitoa. Mwenye kupokea hiba, kwa mkono uleule apokeao, amekubali kwamba mali ilikuwa ya mwenziwe. Lugha yetu ilikuwa na maneno mengine. Kuna kurejesha. Kuna amana, ambayo haikatazi shukrani wala haimgeuzi aliyeishika kuwa mwenyewe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Jumba la Geneva halikuiba. Lilinunua, na mwishowe lilikitoa kinyago bila kuamriwa na mahakama. Nalo lingeweza kung'ang'ania. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni mwaka 1977, lakini Uswisi haikujiunga hadi 2003. Sheria ya Uswisi ya zama zile ilimpa aliyeibiwa miaka 5 tu ya kumdai mnunuzi wa nia njema. Hesabu ni fupi: 1984 jumlisha 5 ni 1989, na kinyago kilitambuliwa 1990. Kwa herufi ya sheria, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, na neno la hiba ndilo dirisha lililobaki. Wajumbe wetu wakapita dirishani. Siwalaumu, kinyago kilikuja nacho kikapita. Nasema tu kwamba dirisha lisije likaitwa mlango katika vitabu vya watoto wetu, hasa sasa ambapo mazungumzo ya namna hii yanazidi. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani aliomba radhi Songea kwa maovu ya vita vya Majimaji. Novemba 2024 yakafunguliwa Berlin, katika jumba la Humboldt Forum, maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho yetu ya Taifa. Vitu vya nchi hii vilivyo Berlin ni maelfu. Kila kimoja kitakachorudi kitahitaji neno la kurudia, na heri neno hilo tulichague sisi.

Kutunza ni kazi nyingine, nayo haina saini wala picha za magazeti. Pwani hii hula mti. Unyevunyevu huvimbisha, jua hupasua, na fukusi huingia kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, wakatoka wameacha unga. Nta ya chale hulegea kwa joto. Nywele huliwa na nondo. Geneva baridi hufanya nusu ya kazi ya mhifadhi. Dar es Salaam mhifadhi hupigana na hewa yenyewe. Wapo wanaotumia hoja hiyo kusema vitu vyetu vibaki huko huko. Kwa hoja hiyo, na sisi tungehamia huko. Lakini jibu lenye maana ni la bajeti na wafanyakazi: kabati kavu, na mtu mmoja mwenye daftari apitaye kila juma, kitu baada ya kitu, akiandika namba, hali na tarehe. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miavuli ya zege, lilishikwa na moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Ndipo wengi walipogundua kwamba walikuwa wakinunua vitunguu chini ya kazi ya sanaa.

Lau ningeombwa kukiandikia kinyago kile kibao cha maelezo, kwa Kiswahili kwanza na lugha nyingine baadaye, ningeandika hivi: Lipiko la Wamakonde. Liliibwa katika jumba hili mwaka 1984. Lilinunuliwa na jumba la Geneva mwaka 1985. Lilitambuliwa mwaka 1990. Lilirejeshwa mwaka 2010. Na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, ningeongeza kwamba vitu 16 viliibwa pamoja nalo, na ningevitaja kimoja kimoja kama vilivyo daftarini, kwani hati ya Paris haikuvihusu.