Bawaba ya Eropleni

Mambo makuu ya dunia hutegemea vitu vidogo, na aghalabu mwanadamu havioni vitu hivyo mpaka vimeharibika. Mlango wa nakshi husifiwa kwa nakshi yake. Hapana apitaye njiani akaisifu bawaba. Lakini bawaba ikivunjika, nakshi yote huanguka chini pamoja na mlango. Insha hii ni habari ya bawaba zinazoshika sukani za eropleni, hasa eropleni zile ambazo watu wameziunda kwa mikono yao wenyewe. Ni habari ya chuma kidogo, lakini ndani yake mna habari kubwa zaidi: jinsi uhuru wa kuunda chombo ulivyopatikana, ulivyopotea na ulivyorudi, na deni ambalo kila mwenye uhuru huo hana budi kulilipa.

Kwanza tuijue kazi ya bawaba hiyo. Msomaji aliyepata kusimama katika bandari ya Lamu au ya Mombasa, maji yakiwa yamekupwa, akalitazama jahazi lililolala juu ya mchanga, bila shaka aliuona usukani wake nyuma ya tezi. Usukani haukupigiliwa misumari. Umetundikwa kwa vyuma vilivyoshikana, ili uweze kugeuka kulia na kushoto. Eropleni nayo ina sukani zake, lakini kwa kuwa husafiri ndani ya hewa na si juu ya uso wa maji, usukani mmoja hauitoshi. Mkiani pana usukani wa wima unaogeuza pua kulia au kushoto, na usukani wa mlalo unaoinua pua au kuiinamisha. Tena, kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa, karibu na ncha, pana bamba dogo ambalo hapa tutaliita kibawa. Kibawa cha upande mmoja kikipanda, cha upande wa pili hushuka, na eropleni hulala ubavu ili ipate kupinda. Viungo hivi vyote hushikwa kwa bawaba, na rubani huviamuru kwa mikono na miguu yake kwa njia ya nyaya au fito za chuma.

Ajabu ni kwamba eropleni ya ndugu wawili Orville na Wilbur Wright haikuwa na bawaba katika mabawa yake. Ndugu hao walikuwa mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani. Hawakuwa na shahada ya chuo wala fedha za serikali. Waliunda chombo chao kwa mbao, nguo ya pamba na waya, na tarehe 17 Desemba, 1903, karibu na Kitty Hawk, chombo hicho kiliruka kwa sekunde 12 na kwenda mita 37 hivi. Kwa hiyo yule mzee wa eropleni zote alikuwa mwenyewe ni eropleni ya kuundwa nyumbani. Ili kuizuia isipinduke, ndugu hao waliyapinda mabawa yenyewe kwa waya, kama ndege wa mwituni apindavyo ncha za mabawa yake. Njia hiyo ilifaa kwa chombo chepesi chenye mwendo mdogo. Lakini bawa linalopindwa halina budi kuwa laini, na bawa laini halistahimili mzigo mkubwa wala mwendo mkali. Watu walipotaka kwenda mbio zaidi, ilibidi bawa liwe gumu, na kazi ya kugeuka ipewe kiungo kidogo kilicho peke yake.

Wazo la kiungo hicho lilikuwapo zamani. Mwingereza Matthew Piers Watt Boulton aliliandikisha mwaka 1868, miaka 35 kabla ya ndugu Wright kuruka, lakini halikuwa na chombo cha kulitumia. Tarehe 4 Julai, 1908, Mmarekani Glenn Curtiss aliruka mbele ya watu zaidi ya kilomita moja katika eropleni iitwayo June Bug, yenye vibawa kwenye ncha za mabawa. Mwaka huo huo Henri Farman alivitia vibawa katika eropleni yake huko Ufaransa. Wafaransa walikipa kiungo hicho jina la aileron, yaani bawa dogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, desturi ya kupinda mabawa ilikuwa karibu imetoweka, na bawaba ilikuwa imeshika mahali pake.

Lakini kila faida ina gharama yake. Penye bawaba pana vitu viwili vinavyosuguana, na visuguanavyo hulika. Pini ya feleji huzunguka ndani ya tundu la alumini. Vumbi huingia, likachanganyika na mafuta na kuwa kama msasa. Hata eropleni isiyoruka, iliyofungwa uwanjani, sukani zake hutikiswa na upepo usiku na mchana. Baada ya miaka, tundu lililokuwa duara huwa na umbo la yai. Hapo mafundi husema kwamba bawaba inacheza. Mchezo huo huenda usizidi unene wa ukucha, na katika mlango wa nyumba haudhuru kitu ila masikio. Angani mambo ni mengine.

Mwaka 1916 mkia wa eropleni kubwa ya vita ya Kiingereza, iliyoundwa na kampuni ya Handley Page, ulitetemeka kwa nguvu za kutisha. Mtaalamu F. W. Lanchester aliitwa kuchunguza sababu. Aliona kwamba usukani wa mlalo wa upande wa kulia na ule wa kushoto haukuunganishwa imara, hata mmoja ukaweza kupanda wakati mwenzake unashuka. Akashauri ziunganishwe kwa bomba gumu. Ugonjwa wa namna hiyo twaweza kuuita mpapatiko, kwa kuwa unafanana na kupapatika kwa bendera. Bawa likirushwa juu na upepo, kibawa kizito huchelewa na kuning'inia chini. Kibawa kilichoning'inia hulisukuma bawa juu zaidi. Bawa likirudi, kibawa huchelewa tena kwa upande wa pili, kikalisukuma chini zaidi. Kila pigo hupokea nguvu mpya kutoka katika upepo wenyewe, na kwa muda wa sekunde chache kibawa au bawa zima laweza kung'oka.

Mwaka 1923 wataalamu wawili wa Uholanzi, von Baumhauer na Koning, walionyesha dawa mojawapo: kuweka uzito mbele ya mstari wa bawaba, ili kibawa kisichelewe nyuma ya bawa lake. Mwaka 1928 R. A. Frazer na W. J. Duncan wa Uingereza walitoa taarifa ndefu juu ya mpapatiko wa mabawa, nayo ikawa mwongozo wa wahandisi kwa miaka mingi. Kwa ufupi, usukani salama hutaka mambo matatu: uwe mgumu, uwe na mizani, na bawaba yake isicheze. Bawaba inayocheza huufungulia mpapatiko mlango ambao uzito na ugumu viliufunga.

Wakati wataalamu wakichunguza hayo, watu wa kawaida hawakuacha kuunda eropleni zao. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekaa Paris, aliunda eropleni ndogo ya mianzi na nguo iliyoitwa Demoiselle, akaitoa michoro yake bila kudai malipo. Gazeti la Popular Mechanics la Marekani liliichapa mwaka 1910. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol wa kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, aliifunga injini ya motokaa ya Ford katika eropleni yake ya mbao, na mpaka leo wako watu wanaofuata michoro yake. Mwaka 1934 Mfaransa Henri Mignet alitoa kitabu kilichomfundisha mtu yeyote kuunda chombo alichokiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Mbingu. Chombo hicho hakikuwa na vibawa kabisa. Bawa lake la mbele lenyewe lilitundikwa juu ya egemeo, rubani akaliinua na kuliinamisha. Watu wengi wa Ufaransa na Uingereza walikimbilia misumeno na gundi.

Furaha hiyo haikudumu. Marubani kadhaa walianguka wakafa, na uchunguzi uliofanywa katika nchi zote mbili ulionyesha kwamba mabawa mawili ya chombo yalikaribiana mno, hata pua ikiinama sana rubani hakuweza kuiinua tena. Mwaka 1936 chombo hicho kilizuiwa kuruka. Ajali hizo hazikuletwa na bawaba zilizolika. Zililetwa na kosa katika mpango wa mabawa. Lakini watu wengi hawakupambanua. Waliona tu kwamba chombo kilichoundwa nyumbani kimemwua aliyekiunda, wakahukumu kwamba kazi hiyo haimfai mtu asiye na kiwanda.

Huko Marekani nako sheria za miaka ya 1930 zilikuwa zimewabana waundaji wa nyumbani karibu katika majimbo yote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, George Bogardus wa jimbo la Oregon aliingia katika eropleni yake ndogo, Little Gee Bee, akaruka kuvuka nchi nzima mpaka mji mkuu wa Washington kuwatetea wenzake. Hoja yake kubwa haikuwa maneno. Ilikuwa chombo chenyewe, kilichofika salama. Leo chombo hicho kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya nchi hiyo. Sheria ililegezwa, na mwezi wa Januari, 1953, Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha waundaji katika mji wa Milwaukee. Uingereza ilikuwa imekwisha kuwa na chama chake tangu mwaka 1946.

Tuyaangalie vema masharti ya uhuru huo uliorudi. Kwa sheria ya Marekani, mtu aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuunda eropleni kwa ajili ya elimu au burudani yake aweza kupewa cheti cha kuikagua mwenyewe kila mwaka. Yeye ndiye fundi, yeye ndiye mkaguzi, na aghalabu yeye ndiye rubani. Katika kazi nyingi za dunia watu hao watatu ni mbalimbali, na mmoja humsahihisha mwenzake. Hapa wamekaa katika nafsi moja. Fundi akijipendelea, mkaguzi atanyamaza. Na mkaguzi akinyamaza, rubani atalipa.

Ndiyo maana bawaba iliyolika ni mtihani wa tabia kabla ya kuwa mtihani wa ustadi. Ukaguzi wake ni rahisi. Fundi huufunga mpini wa kuongozea usisogee, kisha hushika ukingo wa nyuma wa kibawa na kukitikisa polepole, juu na chini, kisha kulia na kushoto, akisikiliza kwa vidole zaidi ya masikio. Kikicheza, hutafuta ulegevu uko wapi: katika bawaba, katika beringi, au katika viungo vya fito. Ikiwa ni bawaba, huitoa pini na kuitazama. Pini iliyolika huonyesha vijifuo mahali iliposuguana, na hubadilishwa kwa nyingine ya madini na kipimo kile kile. Lakini pini mpya ndani ya tundu la yai haiponyi ugonjwa. Ikiwa matundu yenyewe yamepanuka, au pana ufa katika vidole vya bawaba, dawa ni kuing'oa bawaba yote na kutia mpya.

Ziko njia za mkato, nazo ndizo zinazoponza watu. Mmoja hujaza grisi nzito, ulegevu ukafichika kwa muda wa wiki mbili. Mwingine huyapanua matundu kwa keekee na kutia pini nene, bila kumwuliza mbuni wa eropleni, akasahau kwamba chuma alichokiondoa ndicho kilichokuwa nguvu ya bawaba. Mwingine hutengeneza vizuri, kisha hupaka kibawa rangi mpya tabaka juu ya tabaka, asijue kwamba uzito wa rangi nyuma ya bawaba huharibu mizani. Fundi mwaminifu hupima mizani upya baada ya kazi, huhakikisha kwamba kila usukani hufika mwisho wa mwendo wake bila kukwama, na kwamba mpini ukisukumwa kushoto ni kibawa cha kushoto kinachopanda. Kisha huandika katika daftari ya eropleni alichokifanya na tarehe yake, ili atakayekuja baada yake asome.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo yafaa kwa mwenye nyumba, maana ukuta ukianguka hujengwa tena. Mwenye eropleni hana nafasi hiyo ya pili, wala abiria wake hana. Uhuru alioudai Bogardus hulindwa sasa na watu wasioandikwa magazetini, kila mmoja katika banda lake, ambao huona ulegevu usiozidi unene wa ukucha na kukataa kuruka siku ile, ijapokuwa mbingu ni safi na hakuna mwingine aliyeuona.