Simba Asiye wa Ukoo wa Simba

Likizo iliyopita, nyumbani Tarakea, nilimwonyesha babu kwenye simu taya lililochimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970. Lilikaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi hadi Matthew Borths alipoivuta. Mwaka 2019, yeye na Nancy Stevens walimpa mnyama huyo, wa miaka takriban milioni 22, jina la Simbakubwa kutokaafrika.

“Kumbe simba.”

Si simba, babu. Simba, fisi na mbwa wana jozi moja ya meno ya kukatia nyama kila upande. Huyu alikuwa na jozi tatu, mpaka nyuma kabisa. Ni hayenodonti, ukoo uliokwisha bila kuacha mjukuu. (Hayenodonti maana yake jino la fisi, na fisi naye si wao.) Zamani walitiwa kapu moja na wengine, kreodonta, alilolisuka Edward Cope mwaka 1875, siku hizi wengi wamelifumua. Hata wa kwetu Rukwa, wa miaka milioni 25, anaitwa Pakakali. Si paka.

“Waliompa jina hawakuuliza ukoo?”

Waliuliza, tena walijua vizuri. Ila jina la kisayansi likishachapishwa kwa kufuata kanuni, haliondolewi kwa kuwa halimfai mwenyewe.

Babu akanirudishia simu. Kwao mtoto hapewi jina hivyo.