Faili Lililofungwa na Faili Lisiloonekana

Hebu fikiria umehamishiwa ofisi moja pale Bariadi. Siku ya kwanza unapewa nywila ya tovuti ya ndani, ile inayotunza nyaraka za ofisi nzima. Unaingia. Folda ya ardhi ipo, ila ukiibonyeza unaambiwa huna ruhusa. Unakereka, sawa, lakini unajua la kufanya: unamfuata bosi, unaomba. Sasa vipi kuhusu folda ambayo msimamizi wa mfumo ameificha kabisa? Hiyo huiombi. Utaombaje kitu usichojua kama kipo?

Kumbe hayo ni mambo mawili: ruhusa ya kusoma, na kuonekana. Wengi wetu tunayachanganya. Wakoloni hawakuyachanganya hata kidogo.

Kabla ya kompyuta, kazi hii ilikuwa ya masjala. Kulikuwa na masjala ya wazi na masjala ya siri, na bado zipo. Kila faili lina namba, na namba zinafuatana. Likikosekana moja, pengo linaonekana na mtu ataulizwa. Yaani hata usiporuhusiwa kulisoma, unajua kuna kitu hapo.

Mwaka 1961, Tanganyika ikielekea uhuru wa Desemba 9, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alituma maelekezo kwa makoloni: serikali mpya zisiachiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha Uingereza au kufichua watoa habari wake. Nchini Kenya mafaili yaligawanywa mafungu mawili. Ya "Legacy" yangerithiwa na serikali mpya. Ya "Watch" yalipigwa muhuri wa herufi W, na aliyeruhusiwa kuyashika ni ofisa ambaye ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika, hata angekuwa mwaminifu vipi, hakuhesabiwa.

Ila muhuri haukutosha, maana pengo la namba lingesema. Basi ikaagizwa kwamba likiondolewa faili la Watch, liwekwe la bandia lenye namba ileile. Na kuwepo kwa fungu lenyewe kusifichuliwe kamwe.

Hila hiyo ilidumu karibu miaka 50. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau dhidi ya Uingereza ikiendelea mjini London, ndipo serikali hiyo ilipokiri kuwa na mafaili takriban 8,800 ya makoloni 37 huko Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Wengine walishakufa wakisubiri.

Mafaili ya kwanza yalifunguliwa kwa umma Aprili 2012. Mwezi mmoja nyuma, Machi 2012, Mkoa wa Simiyu ulizaliwa: Bariadi, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga, Busega ikatoka Magu mkoani Mwanza, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Hapa hakuna aliyeficha kitu. Lakini mzee wa Busega anayetafuta karatasi ya shamba ya mwaka 1990 aanzie wapi? Busega, Magu, au Mwanza mjini? Kwake, faili lisilo kwenye orodha yoyote halina tofauti na lililofichwa.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ni jambo zuri. Ila inakusaidia ukijua unaomba nini.

Kwa hiyo, msomaji, kama wewe ndiye unayegawa ruhusa kwenye tovuti ya ofisi yenu, fungia yaliyomo inapobidi, lakini orodha iache ionekane. Isipokuwa pale ambapo jina lenyewe ni siri, mfano faili la mgonjwa. Hapo ficha, na uandike mahali nani aliamua na kwa nini. Mrithi wako kwenye kiti hicho atahitaji kujua.