Sadaka Isiyomnyima Binti Neno Lake



Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufunguliwa, kikapu hupitishwa katika mashirika yetu ya Likasi kwa ajili ya wasichana ambao wazazi wao wameshindwa kulipa minervali. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali ni za bure, lakini sekondari bado hulipiwa; na nyumba inapokuwa na fedha ya mtoto mmoja tu, mara nyingi anayebaki nyumbani ni msichana. Tumezoea kutoa. Ni nadra kujiuliza mazoea hayo yametoka wapi. Tuitazame leo historia yake, kwa maana ina mengi ya kusifiwa, na ina kosa moja ambalo sisi wenyewe tumelirudia.

Njia mojawapo ya historia hiyo inaanzia Lyon, Ufaransa. Huko Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri, aliwapanga watu kumi kumi, kila mmoja akitoa sou moja kwa juma kwa ajili ya misioni. Sou ilikuwa sarafu ndogo ambayo hata maskini aliweza kuipata, na miongoni mwa waliomfuata mwanzoni walikuwa wasichana wafanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1822 kazi hiyo ikawa Shirika la Kueneza Imani. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson akaanzisha Utoto Mtakatifu, ili watoto nao wasaidie watoto wenzao. Pauline alitangazwa Mwenye Heri tarehe 22 Mei 2022, katika mji wake huohuo.

Matoleo ya namna hiyo yalifika hata kwenye ziwa letu. Mwaka 1885 Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walikabidhiwa kituo cha Mpala, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita katika nchi hizo, na wengi katika misafara hiyo walikuwa wanawake na watoto. Wamisionari waliwakomboa watoto kwa mali iliyonunuliwa na sarafu za waamini wa Ulaya. Mwaka 1888 Lavigerie alihubiri Paris, London na Bruxelles dhidi ya biashara hiyo, na mwaka 1890 Papa Leo XIII akaagiza mchango wa kila mwaka, siku ya Epifania, kwa ajili ya kupinga utumwa Afrika. Tusilidharau jambo hili. Msichana aliyetolewa katika mnyororo alitolewa kweli, na aliyemtoa ni mtu asiyemjua, aliyejinyima kidogo.

Lakini tuulize pia: baada ya mnyororo kuondolewa, nini kilifuata? Watoto wale walilelewa misioni, na walipokomaa waliozwa wao kwa wao, wakapewa mahali pa kujenga katika vijiji vya Kikristo. Msichana alipata usalama, chakula na ubatizo. Kuhusu njia ya maisha yake, wengine walikuwa wamekwisha kumwamulia.

Mtindo huo haukuishia Mpala. Katika miji ya migodi, nasi Likasi tukiwamo, wakati mji wetu ulipoitwa Jadotville, Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae na jamaa zao kambini. Masista na wasaidizi wa jamii wakafungua nyumba za mafunzo kwa wake na binti zao: kushona, kupika, usafi, malezi ya watoto wachanga. Mafunzo hayo yalifaa, na bibi zetu wengi walivisha nyumba nzima kwa kazi ya mikono yao. Hata hivyo mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja tu. Wavulana wachache waliruhusiwa kuendelea na masomo marefu. Wasichana walielekezwa jikoni na kwenye sindano. Hivyo Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, hakuna mwanamke Mkongomani aliyekuwa na shahada ya chuo kikuu. Sophie Kanza aliipata Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri wa kwanza mwanamke wa nchi yetu.

Tungependa kusema kwamba kosa hilo ni la wazee wa zamani. Haliko hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, sisi makatekista tulikusanya fedha, tukanunua mashini za kushonea kwa ajili ya wasichana walioacha shule. Tulipiga makofi, tukapiga picha. Mmoja wao alishukuru kwa adabu, akapokea. Muda mrefu baadaye ndipo tulipojua kwamba alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kufikia mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, na kwamba gharama ya mashini ile ingemlipia mwaka huo. Hakuna aliyemwuliza. Yeye naye aliona haya kuwasahihisha wakubwa waliomletea zawadi.

Tazameni sasa mfano mwingine wa nchi yetu. Sista Angélique Namaika, wa Dungu katika Haut-Uélé, aliwahudumia wanawake na wasichana waliotoroka mikononi mwa waasi wa LRA. Yeye mwenyewe alipata kuwa mkimbizi mwaka 2009. Aliwaendea kwa baiskeli, akawafundisha kusoma na kuandika, kushona, kuoka mikate na kulima. Walifikiwa zaidi ya 2,000. Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Kushona kumo katika kazi yake, lakini pembeni yake kuna kitabu, shamba na tanuri, na mtoaji ni mtu aliyelala njiani kama wao.

Bwana wetu alipokutana na Bartimayo kipofu kando ya njia, Yeriko, alimwuliza kwanza anataka nini, ingawa upofu wake ulionekana na wote. Aliyejua yote aliuliza. Je, sisi tusiojua?

Basi, ndugu vijana, endeleeni kutoa, hata kama ni kidogo. Sarafu ya Pauline ilikuwa ndogo pia. Lakini kabla ya kikapu kupitishwa mwaka huu, wasichana wawili wa kikundi chenu waende kwa mwenzao anayehitaji, wakae naye, wamwulize anachotaka, kisha wangoje jibu lake, hata likichelewa. Na mkutanoni jadilianeni: ni lini sisi wenyewe tulipokea zawadi tusiyoiomba, na tulinyamaza kwa sababu gani?