Simba Ilijengwa Langoni

Ukitaka kumchoma mwanamume wa Nairobi, mwite mtoto wa mama. Unamjua: ana miaka 34, mathe wake ana ufunguo wa keja, na mkewe akisema wabadilishe kochi yeye anajibu, "Ngoja kwanza niongee na mathe." Wengi hudai huu ni ugonjwa wa mjini, eti zamani wanaume walikuwa wanaume. Twende Maseno tuone kama historia inakubali.

Maseno iko pale ikweta inapokata barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, Waluo wakipakana na Wanyore. Katika boma la Kiluo, mvulana akishabalehe halali tena nyumbani kwa mama yake. Anajenga simba, nyumba yake ndogo karibu na lango. Hapo unaweza kusema: ona, walijua kukata kamba mapema!

Pole pole. Simba haikuwa na jiko. Chakula kilitoka kwa mama. Hata kijana alipooa, bibi arusi alianza kwa kupika jikoni kwa mama mkwe, chini ya macho yake, mpaka alipopewa moto wake. Baada ya miaka, akiwa na mke na watoto, ndipo mwanamume alitolewa na baba yake au mzee wa ukoo, na jogoo, shoka na moto, akaanzishe boma lake mwenyewe. Kutoka kwa mama kulikuwa ngazi, na kila kipandio kilikuwa na mtu wa kukushika mkono.

Na kumshikilia mama kulikuwa na faida. Kwenye boma la wake wengi kulikuwa na mikayi, mke wa kwanza, kisha nyachira, kisha reru. Mashamba na ng'ombe vilihesabiwa kwa nyumba ya kila mama. Kijana alirithi kupitia kwake, na mama naye alitegemea wanawe uzeeni. Kwa lugha ya leo, mama alikuwa title deed.

Halafu ngazi ikavunjika. Reli ilifika Kisumu 1901. Serikali ya kikoloni ikataka kodi ya nyumba, na kodi ilitaka pesa taslimu. Mwaka 1906 wamisionari wa CMS walianzisha shule ya Maseno, mwanzoni kwa ajili ya wana wa machifu. Kijana aliyekuwa alale kwenye simba sasa alilala bwenini. Akimaliza masomo, kazi ilikuwa mbali: ofisini, relini, Nairobi. Mke mara nyingi alibaki kijijini akilima kwa mama mkwe. Mshahara ukitumwa nyumbani, wanawake wawili waliungoja. Mwanamume angeweza kuota mvi mjini, ana cheo na gari, lakini kwa hesabu ya ukoo bado hajatoka kwao.

Kenya nzima iliona uzito wa hesabu hiyo wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukakataa: alikuwa na nyumba Nairobi, ndiyo, lakini nyumba si boma. Kesi ilivuta miezi. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Miaka mingi ya ndoa haikutosha kumhamisha kutoka kwa baba yake.

Kwa hiyo mtoto wa mama hakuzaliwa Kilimani wala Milimani. Mila yenyewe ilimweka kijana karibu na mama kwa miaka mingi, na gharama alilipa mke, jikoni kwa mwenzake. Tofauti ni kwamba zamani kulikuwa na siku inayojulikana ya kuondoka, na wazee waliosimamia. Leo mama amelipa karo peke yake, baba pengine hayupo, na hakuna anayekuja alfajiri na jogoo.

Basi dada, ukikutana naye usimuulize anampenda mama yake kiasi gani. Ampende tu. Muulize: nikihamia kwako, jiko litakuwa la nani? Na wewe kaka, jibu kabla hujampigia mathe.