Namba ya Ubavuni mwa Betri

Ndugu msikilizaji, juma hili napenda tuzungumze juu ya namba iliyoandikwa ubavuni mwa betri ya gari: 60 Ah. Wengi wetu tunaisoma dukani, tunalipa, tunaondoka. Namba hiyo ina historia yake, na asiyeijua huuziwa maneno.

Katika karne ya 19, waliohitaji mno kuupima umeme walikuwa mafundi wa simu za maandishi za baharini. Mwaka 1858 waya ulitandazwa chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Ulifanya kazi wiki chache tu ukafa, na mali nyingi ya watu ikapotea. Wakati ule mafundi hawakuwa na vipimo walivyokubaliana. Mwaka 1861 wanasayansi wa Uingereza waliunda kamati ya kuvitafuta. Mwaka 1879 waya kutoka Aden ulifika Unguja, na bado mataifa hayakuwa yameafikiana. Ndipo mwaka 1881, katika mkutano wa Paris, yakapitishwa majina tuliyonayo hadi leo: volti, omu, ampea, faradi na kulombi.

Kulombi, iliyopewa jina la Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, ndiyo kipimo cha chaji, yaani kiasi cha umeme. Mkondo wa ampea moja ukipita kwa sekunde moja, umepitisha kulombi moja. Saa moja ina sekunde 3,600. Basi ampea-saa moja ni kulombi 3,600. Betri yetu ya 60 Ah ina kulombi 216,000. Betri ya simu ya mkononi yenye 5,000 mAh, ambayo ni ampea-saa 5, ina kulombi 18,000.

Hapa ndipo nataka tuwe macho. Kiasi cha chaji peke yake si nguvu ya kufanya kazi. Lazima ukizidishe kwa volti. Benki ya umeme iliyoandikwa 10,000 mAh kwa kawaida imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. Ikitoa umeme kwa volti 5, haiwezi kuzidi 7,400 mAh, hata kabla ya kuhesabu upotevu. Aliyeandika hakusema uongo, ila mnunuzi hakuambiwa yote.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkienda dukani ulizeni ampea-saa, kisha ulizeni na volti.